Pirogi ya Karatasi

Ukimuuliza Dolly Wisnicki aliingiaje kwenye ushairi, atakwambia aliingia na soksi zilizoloa, wala hatanii. Jioni hiyo alikuwa anasubiri basi mbele ya maktaba ya mtaa, huku kwetu mashariki ya Buffalo, theluji imemwingia viatuni, na basi limegoma kuja kama ilivyo kawaida yake. Akaingia maktaba apashe miguu joto. Msimamizi akamwona amezubaa pale mlangoni, akamwambia, "Darasa liko chini, mama, ngazi ya kushoto." Dolly hakuuliza darasa la nini. Palipo na darasa pana joto, na Mungu akijalia, pana na kahawa.

Kahawa ilikuwepo. Kulikuwa pia na meza ndefu, viti vidogo vya watoto wa chekechea, na kijana mmoja mrefu mwenye nywele za kichaka na sweta iliyotoboka kiwiko. Huyo ndiye Milo Fenwick. Alikuwa ametoka chuo juzijuzi, na maktaba ilikuwa imempa chumba cha chini ili awafundishe watu wa mtaa ushairi wa majaribio. Watu wa mtaa wenyewe walikuwa wachache, na nusu yao, kama Dolly, walifuata joto.

Ushairi alioujua Dolly ulikuwa wa namna mbili. Kuna ule wa kwenye kadi za Krismasi, wenye vina vinavyogongana kila mstari, na kuna ule ambao mumewe, Stan, aliukariri harusini akishalewa, ambao haufai kurudiwa mbele ya watu. Kwa hiyo Milo alipowaambia kwamba chumbani mle mashairi hayaandikwi, yanategwa, Dolly alijua papo hapo kijana hana akili timamu.

"Mimi nimefuata kahawa tu," akasema, mambo yasije yakachanganyika.

"Safi sana," Milo akamjibu. "Anza na hilo."

Mchezo wa kwanza uliitwa Mkunjo, na sheria zake ni hizihizi za leo. Unaandika mstari mmoja. Neno la mwisho unalishusha chini, likae peke yake. Unakunja karatasi ili mstari ufichike na lile neno moja lichungulie nje, kisha unampa aliye kushoto kwako. Yeye anaanzia kwenye neno hilo, hajui kilichotangulia. Karatasi ikizunguka meza yote inafunguliwa, inasomwa kwa sauti, na hakuna anayeuliza nani kaandika nini.

Dolly alikuwa mpishi wa shule. Mchana kutwa alikuwa amemenya viazi vya watoto, na kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, Ijumaa ulimngoja ukumbi wa parokia na viazi vingine vya kujaza kwenye pirogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha. Alipoishika penseli hakuona kitu kingine kichwani. Akaandika: Viazi. Akatulia. Halafu akakunja, na hapo ndipo vidole vilipomsaliti.

Mtu aliyekulia kwenye jiko la Kipolandi hakunji kitu ovyo. Unga ukishakatwa duara na viazi vikawekwa katikati, unakunja nusu juu ya nusu, halafu unafinya kingo kwa kidole gumba na cha shahada, unafinya na kusogea mpaka mwisho, pasibaki hata upenyo. Pirogi inayochungulia hupasukia sufuriani, na Dolly utotoni alikuwa amechapwa vidole na mwiko kwa ajili ya pirogi za kuchungulia. Basi aliikunja karatasi ile mara moja, akaifinya pande zote kwa ustadi kabisa, na akampa jirani yake. Hakuna neno lililobaki nje.

Jirani mwenyewe alikuwa Ozell Tarpley, jitu la watu, aliyefanya kazi kwenye tanuru za kiwanda cha chuma mpaka kiwanda kilipofungwa. Alivaa kofia ya kwendea kanisani hata ndani ya nyumba. Alikuja darasani kwa sababu mkewe, Earline, alimwambia amechoka kutazamwa siku nzima na mtu asiye na kazi. Ozell aliigeuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma. Akaiweka sikioni, akaitikisa. Akaigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi. Kisha akaandika kitu, akakunja ipasavyo, akaisukuma mbele.

Milo alipoifungua aliikuta mistari miwili ya juu ikisema hivi:

Viazi.
Nani yuko humo ndani?

Chumba kizima kikaangua kicheko. Milo nusura apande mezani. "Jibu limetangulia swali!" akawa anapiga kelele. "Jamani, jibu limetangulia swali!" Dolly hakuelewa. Alichoelewa ni kwamba watu wazima wanamcheka yeye na viazi vyake. Uso ukamwiva, akaliendea koti lake.

"Kaa, Mpishi," Ozell akamwambia, hata kofia hakuigusa. "Mimi nyumbani kwangu hata nikiuliza sijibiwi. Wewe umenijibu kabla sijauliza. Unakwenda wapi?"

Akakaa. Basi lake lilipita, likapita na la pili, yeye amekaa.

Na ndivyo Alhamisi zilivyoanza. Mimi sijui kama mtu anaweza kuwasimulia wengine Alhamisi zile wakazipenda, maana ukizitaja zinasikika kama wazimu. Walikata matangazo ya nyama ya soko la Broadway, wakayapanga mpaka yakawa sala. Walisoma watu wawili kwa mpigo, mmoja utabiri wa hali ya hewa na mwingine tangazo la msiba, na kila walipokutana kwenye neno moja wote walinyamaza. Mwezi mzima waliandika huku herufi moja imepigwa marufuku, na siku ya mwisho waliporudishiwa, Ozell alisema anajisikia kama aliyewekewa meno.

Majira ya baridi fulani Milo aliwatoa nje, waandike kwa viatu kwenye theluji ya maegesho. Walipiga mstari mmoja baada ya mwingine mpaka likasomeka neno kubwa: SUBIRI. Mara likaja gari la kuzoa theluji. Dereva akasimama, akachungulia, akasoma, na akangoja huku injini inanguruma na taa zinazunguka. Akangoja sana. Mwisho Ozell akamfuata dirishani.

"Kaka, mbona hupiti?"

"Si mmeandika nisubiri?"

"Ah, hilo ni shairi tu."

"Shairi?" Dereva akakuna kichwa. "Sasa niende au nisiende?"

Ozell akamwambia afanye roho yake inavyomtuma. Yule bwana akazoa maegesho yote, akalizunguka neno, akaliacha katikati. Kesho yake watu waliegesha magari pembeni mwake, na neno likakaa pale mpaka likayeyuka lenyewe. Nani anafanya mambo kama hayo siku hizi? Siku hizi mtu ukimwandikia asubiri, anapiga honi.

Karatasi iliyokunjwa ikafunikwa yote ikaja kuitwa pirogi, na ikawa sheria: ukipokea pirogi, unaandika "Nani yuko humo ndani?" na huruhusiwi kuandika kingine. Wageni walifanya kosa hilo mara mojamoja, wakachekwa, wakasimuliwa habari ya Dolly. Stan naye hakumwacha. Kila Alhamisi Dolly alipovaa koti, alimwuliza kutoka kwenye kochi lake, "Unakwenda kukunja makaratasi na bwana wako wa chuma?" na Dolly alimjibu, "Angalau huko nasikilizwa." Stan alicheka, naye Dolly alicheka. Jikoni kwao panahitaji sana kicheko kile sasa, maana Stan alifariki, na baada yake akafariki Earline.

Watu walisema yao kuhusu Dolly na Ozell. Wacha waseme. Yeye alimpelekea pirogi zilizokaangwa na vitunguu, mzee akamletea pai ya pichi kwa mapishi ya marehemu Earline, mbovu kuliko ya marehemu lakini haikutupwa hata chembe. Kila Jumatano simu ya Dolly ililia.

"Mpishi, kesho unakuja au nikuhesabu marehemu?"

"Nikifa wewe ndiye utakayejua mwisho, maana husikii vizuri."

"Eti?"

"Si unaona!"

Halafu, vuli iliyopita, Jumatano moja simu haikulia.

Kiharusi kilimchukua Ozell mkono wa kulia na mguu, kikamchukua na maneno. Kilimwachia neno moja tu. Ukimwuliza kama anataka maji, anasema, "Haya." Ukimwambia theluji imeanza, "Haya." Ukimwuliza jina lake, anakutazama kwa macho yaleyale makubwa, anavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema mambo mengi, na kinachotoka ni "Haya." Dolly alikwenda kumwona hospitali, kisha nyumba ya wagonjwa, akakaa naye, akamsomea magazeti, akamtania. Haya. Haya. Alikuwa akirudi kwenye basi anajiuliza kama amekaa na Ozell au na kofia ya Ozell.

Binti wa Ozell, Vonetta, akaja kutoka Phoenix. Ni mama mzima sasa, na ana haraka ya watu wenye kazi. Alimheshimu Dolly, hilo siwezi kumnyima, lakini aliyasema mambo yalivyo.

"Jumamosi tunaondoka, Bi Dolly. Huko kuna jua, na nimempatia mahali karibu na kwangu."

"Mungu akubariki, mwanangu. Ila niachie Alhamisi."

"Alhamisi ya nini?"

"Nimpeleke darasani. Mara ya mwisho."

Vonetta akashusha pumzi. "Hakutambui, Bi Dolly. Usinielewe vibaya. Hata mimi hanitambui. Juzi nimemwuliza, baba, mimi ni nani? Akasema haya. Wewe unataka umpeleke kwa mashairi?"

Dolly hakuwa anaomba Ozell abaki, maana alijua hawezi kumbeba wala kumwogesha. Alikuwa anataka kitu kimoja: amuage mtu anayejua anaagwa na nani. Jioni zote hizo za theluji, miaka yote hiyo ya kutaniana, halafu umpungie mkono mtu anayekuona kama ukuta? "Niachie Alhamisi tu," akarudia, na Vonetta, kwa huruma au kwa kuchoka, akakubali.

Wakamshusha kwa lifti ya vitabu, kiti cha magurudumu na kofia yake ya kanisani. Chumba ni kilekile. Viti vya chekechea walishavibadilisha, kwa kuwa magoti yaligoma. Milo kichwa chake kimekuwa wazi kama sahani, ila sweta nadhani ni ileile. Alimkumbatia Ozell kwa muda mrefu. "Haya," Ozell akasema. Vonetta alikaa mwisho wa meza na koti mwilini, funguo za gari mkononi.

"Leo," Milo akasema, "tunafanya Mkunjo," na hakueleza kwa nini.

Dolly alikaa kushoto kwa Ozell, mahali anapopaswa kukaa anayepokea. Kalamu zikakwaruza. Karatasi ya Milo ilipomfikia Ozell, Milo mwenyewe akamwekea penseli kwenye mkono wa kushoto. Penseli ikaanguka. Akamwekea tena. Watu wakajifanya wanatazama dari, na Dolly akageuzia uso ukutani, kwa kuwa sheria ni sheria, huchungulii. Alisikia penseli ikikwaruza, ikinyamaza, ikikwaruza. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba kahawa ilipoa mikononi.

Halafu akasikia karatasi inakunjwa. Akageuka. Ozell alikuwa ameibana karatasi kwa kiwiko cha mkono ule uliokufa, na kwa ule mzima akawa anaiburuta nusu moja juu ya nusu nyingine, taratibu, mpaka ikafunika. Ikafunika yote. Hakikuchungulia kitu.

"Baba, umefunika mpaka neno," Vonetta akasema kwa upole, akanyoosha mkono. "Wamesema neno libaki nje. Lete nikufungulie."

"Usiiguse!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Dolly ya jikoni, ile iliyokuwa ikinyamazisha ukumbi mzima wa watoto wanaorushiana mikate. Vonetta akaurudisha mkono wake. Dolly mwenyewe alishtuka. Lakini alikuwa ameona kidole gumba cha Ozell kikitafuta ukingo wa karatasi. Kikaufinya pamoja na cha shahada. Kikasogea kidogo, kikafinya. Kikasogea. Kikakosea, kikarudi, kikafinya tena pale kilipokosea.

Dolly akajionya. Mkono mgonjwa hufinya chochote, akajiambia, mtoto mchanga naye hufinya. Usijipe moyo, bibi wewe. Ozell akaisukuma karatasi mbele yake.

Akaandika kama sheria inavyosema: Nani yuko humo ndani? Mwandiko ulimpotea, herufi zikapanda na kushuka. Akakunja, akapitisha.

Karatasi ilimaliza mzunguko wake, ikarudi kwa Milo. Milo akaanza kuzisoma zote, zake na za wengine, na hiyo akaiweka ya mwisho. Akaifungua mkunjo mmoja mmoja. Akasoma mstari wake mwenyewe wa juu, kitu kuhusu mvua na vifungo. Akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena. Hakusoma. Aliigeuza karatasi kuwaelekea, kila mtu aone mwenyewe.

Zilikuwa herufi kubwakubwa zinazoanguka upande, na ya mwisho haikufika:

VIAZ

Na chini yake, kwa mwandiko wa Dolly: Nani yuko humo ndani?

Dolly alilia. Alilia bila kuficha, pua na kila kitu, huku ameushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili. Ozell alimtazama, mabega yale makubwa yakaanza kutikisika, na hapo ndipo watu walipogundua kwamba mzee anacheka.

"Haya," akasema. "Haya, haya, haya."

"Viazi?" Vonetta akauliza, akiwatazama mmoja mmoja. "Ana njaa?"

Weee! Meza nzima ikaanguka kwa kicheko. Milo alicheka mpaka akakalia sakafu. Ikabidi mama mmoja mfuma sweta, ambaye hajawahi kukosa Alhamisi, aende kumwokoa yule binti kwa kumwambia habari yote, soksi zilizoloa, Kwaresima, viazi, pirogi, na baba yake alivyoibishia karatasi hodi. Vonetta alisikiliza. Mwanzoni alitabasamu kwa adabu. Baadaye tabasamu likamtoka, akamtazama baba yake kwa muda mrefu, naye baba yake alikuwa ameinamisha uso juu ya karatasi, anauonyesha ukingo wake kwa kidole ili Dolly auone vizuri, kama fundi anayeonyesha kazi.

"Kumbe yumo," Vonetta akasema. Akaweka funguo mezani, akavua koti.

Jumamosi waliondoka kama ilivyopangwa. Kazi ya Vonetta iko Phoenix, na huku hakuna wa kumtunza mzee, hilo halikubadilika, na Dolly hakuomba libadilike. Lakini Alhamisi hiyo, kabla ya kumpandisha kwenye lifti, Vonetta alivuta kiti, akakaa kando ya Dolly na karatasi nyeupe mbele yake.

"Bi Dolly, nifundishe kukunja. Nitakuwa nawatumia kwa posta. Ataandika yeye, nitaandika mimi, mtamalizia huku."

Dolly akamshika vidole, akavipeleka. "Mstari wako huu hapa. Neno la mwisho lishushe. Sasa kunja mpaka hapa tu, liache lichungulie. Ukilifunika, imekuwa pirogi."

"Na baba akitaka pirogi?"

"Basi mwache afinye kingo mwenyewe," Dolly akasema, "usimsaidie. Mimi huku nitauliza."